Mtungi, mkaa au LUKU: kwanini nishati safi inagoma kuingia jikoni

Kwenye nyumba tunayopanga, huku upande wa Temeke, kuna korido ya nyuma ambayo jioni inageuka jiko la wapangaji wote. Ukisimama pale saa kumi na mbili na nusu utamkuta mtu mmoja huyohuyo ana mtungi wa gesi wa kilo 6, ana jiko la mkaa, na ana kajiko ka koili ka umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, amekaficha ndani baba mwenye nyumba asikaone. Chai anachemsha kwenye gesi. Maharage yanaenda kwenye mkaa. Maji ya kumuogesha mtoto usiku ni koili, mlango umefungwa. Sasa akija mtu na karatasi zake akamuuliza unapikia nini, atajibu gesi, maana ndo jibu la mtu wa mjini, alafu atarudi kupepea mkaa wake.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila nikisoma huu mjadala wa nishati safi ya kupikia naona watu wanaongea kama vile mtu anaamka siku moja anahama jiko, kama anavyohama laini ya simu. Haiko hivo. Watu hawahami, wanaongeza. Na kinachoamua chungu kipi kiende jiko gani sio elimu, mama zetu wanajua moshi unavyochoma macho kuliko waziri yeyote, kinachoamua ni namna nishati yenyewe inavyouzwa, yani inapimwa kwa kiasi gani, inadai hela lini, na ukiitumia sana bei inapanda au inashuka. Hilo ndo nataka tulifungue, maana limefungwa na mambo mengine mengi mpaka halionekani.

Tuanze na neno lenyewe, safi. Mei 8, 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaoanzia mwaka huo mpaka 2034, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Siku sita baadae alikuwa Paris kwenye mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, akiwa mmoja wa wenyeviti, na pale zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Nchini kulikuwa kumeshatoka agizo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile za watu zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025, ndo mana mashule na magereza mengi yakaanza kubadilisha majiko haraka haraka.

Na kote huko, ukiangalia picha za kwenye sherehe, safi maana yake ni mtungi wa gesi. Hapo ndo vijana wa harakati za tabianchi wanapouliza swali ambalo ni la haki kabisa: gesi ya mtungi si inatoka kwenye mafuta ya petroli na visima vya gesi? Si nishati ya kisukuku hiyohiyo tunayoambiwa dunia iachane nayo? Sasa usafi uko wapi?

Jibu ni kwamba kuna usafi wa aina mbili na watu wanauchanganya. Usafi wa kwanza ni wa mapafu. Shirika la Afya Duniani likisema nishati safi linaongelea moshi, ile vumbi ndogo inayoingia kifuani na ile hewa ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Kwa kipimo hicho gesi ni safi, umeme ni safi, ethanoli ni safi, biogesi ni safi. Na sio jambo dogo, mwaka 2020 pekee moshi wa majumbani ulihesabiwa kuua watu milioni 3.2 duniani, wengi wakiwa akina mama na watoto, yani wanaokaa karibu na chungu. Usafi wa pili ni wa anga. Hapo gesi sio safi, ukiiwasha inatoa kaboni ambayo ilikuwa imezikwa chini ya ardhi, hakuna ujanja.

Lakini hata kwenye huo usafi wa pili usiishie njiani, uliza gesi imechukua nafasi ya nini. Mkaa unatengenezwa kwa kufukia magogo kwenye tanuri la udongo na kuyaunguza taratibu, na matanuri yetu ya kienyeji yanakula kilo 6 mpaka 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Nguvu nyingi imeshapotea porini kabla hata gunia halijafungwa. Na ule moshi wa tanuri unabeba methani, ambayo kwa kupasha dunia joto ni kali kuliko kaboni dayoksaidi ya kawaida. Ndo mana Shirika la Kimataifa la Nishati lilipopiga hesabu 2023 likapata kwamba watu wote wakipata nishati safi ya kupikia, na wengi wao wakiingia kwenye gesi, bado dunia inapunguza kama tani bilioni 1.5 za gesi joto ifikapo 2030. Unachoma kisukuku na jumla inashuka. Inaonekana kama kiinimacho lakini ni hesabu tu ya kitu kibaya kuchukua nafasi ya kitu kibaya zaidi.

(Kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaosoma hapa: huku kwetu makala ni maandishi kama haya. Najua kwenu makala ndo mkaa wenyewe, kwahiyo mnasoma makala ya makala. Na kwenu mkaa una historia nzito zaidi, miti inakatwa ndani ya hifadhi ya Virunga na hela yake kwa miaka mingi imelisha watu wenye bunduki, mpaka hifadhi yenyewe ikaamua kujenga mitambo ya umeme wa maji, ule wa Matebe wa megawati 13, ili watu wa chini ya mlima wapate kitu kingine cha kuwasha.)

Wapo pia wanaosema mkaa wenyewe sio shetani, shetani ni unavyovunwa. Kule Kilosa kulikuwa na mradi wa vijiji kuvuna msitu wao kwa mafungu, unakata kipande hiki, unakiacha miaka 24 visiki vichipue, unahamia kingine, na ushuru unabaki kijijini unajenga darasa. Miti ya miombo inachipua vizuri sana ukiiacha. Mi naona hoja hiyo ina uzito, tatizo ni kwamba Dar inakula karibu nusu ya mkaa wote wa nchi na lori linaloingia usiku halina lebo ya kusema huu umetoka kwenye fungu la miaka 24.

Sasa turudi kwenye gesi, kuna fundo moja pale ambalo hata watu wasomi linawafunga. Utasikia kijiweni, "sisi tuna gesi Mtwara, tuna gesi Songo Songo, bomba limekuja mpaka Dar, mbona mtungi haushuki bei?" Haushuki kwa sababu sio gesi ileile. Ya Songo Songo na ya Mnazi Bay kule Mtwara ni methani, inasafiri kwa bomba, inaendesha mitambo ya umeme na viwanda na siku hizi magari, na nyumba chache za Dar, Lindi na Mtwara zimeunganishwa moja kwa moja. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, ambazo ukizibana kidogo tu zinakuwa kimiminika ndo mana zinakaa kwenye chuma unachokibeba begani, na hizo tunaagiza nje kwa meli. Kwahiyo bei ya mtungi wako Mbagala inafuata soko la dunia na dola, sio kisima cha Kilwa.

Na hapa ndo wanaharakati nao wanahitaji kugawanywa, maana wanasemwa kwa jumla kama watu wanaotaka mama arudi kwenye kuni. Wengi hawapingi mtungi wa jikoni. Wanachopinga ni miradi mikubwa ya kuchimba kwa ajili ya kuuza nje. Baada ya vita ya Ukraine Ulaya ilivyoanza kutafuta gesi Afrika, kwenye COP27, ule mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, pale Sharm el-Sheikh, Misri, 2022 kelele ilikuwa hiyo, na watu kama Mohamed Adow wa Power Shift Africa ya Nairobi walikuwa wanasema Afrika isigeuzwe kisima cha Ulaya. Hali kadhalika bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, ambalo vijana wa Kampala wamekamatwa mara nyingi kwa kuandamana kulipinga, lile ni bomba la mafuta ghafi yanayopashwa moto njia nzima yasigande, yanaenda kupakiwa melini. Halina uhusiano wowote na maharage ya mtu. Ukimsikia mwanasiasa anatumia moshi wa jikoni kutetea bomba la kuuza nje, jua amechanganya mafaili, na mara nyingi amechanganya makusudi.

Haya, bei. Mtungi wa kilo 6 kwetu huku unazunguka kwenye elfu 24. Mkaa unapimwa kwenye kopo, elfu moja mia tano unapika leo. Ukijumlisha mwezi mzima mkaa unakuwa ghali kuliko gesi, kila mtu anajua hilo, nimemuuliza jirani yangu anayeuza chapati akanijibu vizuri sana: "Hiyo hesabu ya mwezi ni ya mwenye mshahara. Mi hela yangu inaingia asubuhi inatoka jioni." Elfu 24 kwa mkupuo ni mtaji wake wa unga wa siku mbili. Ndo mana mitungi ya ruzuku, na ile inayogawiwa bure na waheshimiwa ikiwa na kofia na kanga, mingi ikiisha gesi ya kwanza inakuwa stuli. Mimi binafsi nimekalia mmoja kwenye msiba.

Kuna waliolijua hilo mapema. Kampuni kama KopaGas hapa Dar, na M-Gas Kenya, walifunga mita juu ya mtungi, mtungi ni wa kwao wewe unalipia kwa simu gesi ya elfu moja, ikiisha inakata. Yani wameifanya gesi iwe na tabia ya kopo la mkaa. Na Kenya wana somo lingine, la kodi. 2016 waliiondolea gesi ya kupikia VAT, Julai 2021 wakairudisha asilimia 16, watu wakapiga kelele, 2022 ikashushwa kuwa 8, 2023 ikaondolewa tena. Hebu fikiria wewe ndo mama wa Kayole kule Nairobi umeshauza jiko lako la makaa kwa sababu ya 2016, 2021 inakukuta.

Sasa umeme, na hapa ndo nataka tukae, maana kwa Tanzania naamini hapa ndo pamefungwa. Kwenye karatasi sisi ni wa kuhusudiwa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mitambo tisa, wa kwanza uliwashwa 2024 na wa mwisho 2025, na 2024 hiyohiyo kuna kipindi mitambo ya maji ilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko matumizi. Umeme wa maji, hauna moshi jikoni na hauna moshi angani, usafi wa aina zote mbili kwa pamoja. Sasa kwanini hatupikii?

Niliazima presha kuka ya umeme kwa dada yangu wiki mbili. Jumapili nikaweka maharage nusu kilo, hayajalowekwa, nikasoma mita kabla na baada. Chini ya nusu uniti. Maharage ambayo kwenye mkaa yanakaa saa mbili na nusu na unapepea, yameiva kwa uniti isiyofika nusu, na sufuria imefungwa wala nyumba haijapata joto. Watu wengi wakisikia kupikia umeme wanafikiria lile koili jekundu, linalokula umeme kwelikweli. Presha kuka sio koili, imefunikwa na ukuta wake unazuia joto lisitoke, ikifika presha inajizima inaendelea na joto lake.

Kwahiyo kwa chungu kimoja umeme unashinda. Balaa linakuja ukihesabu mwezi. Mteja mdogo wa nyumbani yuko kwenye kundi linaitwa D1, uniti moja shilingi 100, ukiweka VAT na tozo inakuwa kama 122, lakini mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, zile zilizozidi bei yake ni 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuzidi unahamishiwa T1, ambako uniti zote, kuanzia ile ya kwanza, ni 292 kabla ya kodi, mkononi kama 356.

Chukua familia yenye friji ndogo, taa, TV na feni, inatumia uniti 70. Inalipa 70 mara 122, shilingi 8,540. Wameamua kuwa wazalendo, wamenunua presha kuka, wameongeza uniti 35 za kupikia. Sasa wako 105, wameshavuka, wamehamishwa. 105 mara 356 ni 37,380. Tofauti ni 28,840. Gawanya kwa zile uniti 35 walizopikia: kila uniti ya kupikia imewagharimu zaidi ya shilingi 820, kwa sababu kupika kumeipandishia bei friji na TV ambazo hazijabadilika chochote. Kwa hela hiyo si unanunua mtungi wa kilo 6 na chenji ya nyanya inabaki?

Hapo ndo fundo lenyewe. Ile bei ya 122 iliwekwa kwa nia njema, kumlinda maskini, lakini ilifikiriwa kwa ajili ya taa. Aliyeiweka hakuwa anafikiria sufuria. Inamwambia mtu, sisi tunakupenda ila usitumie. Na nyumba za kupanga ndo kabisa, wapangaji saba mita moja, 75 inaisha tarehe kumi, ndo mana baba mwenye nyumba anapekua vyumba akitafuta koili. Nimeona watu wanawekeana taimteibo ya pasi.

Uganda wao walifanya kinyume. Kule uniti 15 za kwanza ni rahisi sana kwa ajili ya wasiojiweza, kuanzia ya 16 mpaka ya 80 unalipa bei ya kawaida, alafu kuanzia ya 81 mpaka ya 150 bei inashuka, nusu ya ile ya kawaida hivi, wakaiita tarifu ya kupikia. Yani mtu akipika anapewa punguzo badala ya adhabu. Sio kwamba Waganda wote wameacha mkaa, wapi, nyumba nyingi hazifiki hata hizo 80. Ila muelekeo wa bei angalau haupingani na muelekeo wa hotuba.

Kimebaki kitu cha mwisho ambacho kinachanganya watu, hela ya kaboni. Utakuta jiko banifu, lile la kula mkaa au kuni kidogo, linauzwa bei ya kutupa, au bure, unasaini karatasi unapigwa picha nalo. Anayelipia ni kampuni ya mbali, mfano shirika la ndege, inanunua ile hewa chafu ambayo jiko lako jipya linahesabiwa kuiokoa. Wazo sio baya. Tatizo ni hesabu: utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotoka Januari 2024 ulikuta miradi ya majiko kwa wastani imejihesabia uokoaji mara 9 hivi ya uhalisia. Na moja ya sababu ni ile korido yetu, wanahesabu kama vile mtu akipata jiko jipya la zamani kalitupa.

Na hata ambaye mafuta yake yanapimwa kwa mashine hayuko salama. Koko ya Kenya iliuza ethanoli kwa mashine za dukani, unakuja na chupa yako unajaziwa hata ya shilingi thelathini, zaidi ya kaya milioni moja wakawa wateja. Ilikuwa rahisi hivo kwa sababu pengo la bei lilizibwa na hela ya kaboni, na kuuza kaboni kwa mashirika ya ndege kunahitaji barua ya serikali, maana chini ya Mkataba wa Paris nchi ikishauza ule uokoaji nje haiwezi tena kujihesabia wenyewe. Barua haikutoka. Mwishoni mwa Januari 2026 kampuni ikafunga, na watu wakabaki na jiko lisilo na cha kutia. Unaweza kusema serikali ilikuwa na haki ya kutunza kaboni yake, unaweza kusema kampuni ilijenga nyumba juu ya ahadi, vyote vina ukweli, lakini jioni ile kuna mtu alishuka dukani kununua mkebe wa makaa.

Presha kuka ya dada nilimrudishia. Siku naifunga kwenye boksi yule jirani wa chapati akasimama mlangoni akaniuliza inakula uniti ngapi. Nikamwambia nusu. Akafikiri kidogo. "Nusu kwa ya 122 au kwa ya 356?"